Jiwe la Mama Kwenye Kifusi

Mimi hujisifu kwamba nina akili, lakini kwa Nyanjige nimeinamisha kichwa. Ndiye msimamizi wa kizimba cha taka cha mtaani kwetu hapa Bariadi. Taka za jikoni kule, kifusi huku, na ukichanganya anakurudisha na guta lako la mizigo hata uwe na cheo gani. Niligombana naye mara mbili, nikamwita mnoko.

Mwaka huu nilikarabati nyumba ili mama yangu, Esteria, ahamie kwangu kutoka Bukundi. Macho yake hayaoni tena. Alikubali kwa sharti moja: aje na jiwe la kusagia alilopewa na mama mkwe wake. Nikalitanguliza, nikaliegemeza ukutani nyuma ya jiko. Fundi akabomoa ukuta ule, akazoa kila kitu hadi kizimbani, wala sikuangalia.

Mama alipofika, kabla hata ya kuketi alipapasa nyuma ya jiko.

"Joakim, jiwe langu liko wapi?"

Nikamweleza. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

"Basi kesho nirudishe Bukundi. Bila jiwe nitakuwa mgeni wa kulishwa tu."

Asubuhi nikakimbilia kizimbani.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia Nyanjige kwa Kisukuma, kwa adabu ambayo hakuwahi kuisikia kwangu. Aliniacha nijieleze hadi mwisho, kisha akafunua turubai kibandani kwake. Jiwe lilikuwepo, limeoshwa.

"Nyie wanaume mnaona mawe tu," akasema. "Hili limechimbika kwa mikono. Mafundi waliliomba wajazie msingi, nikakataa. Nilijua mwenyewe atakuja."

Nikaingiza mkono mfukoni nimpe chochote. Alivyonitazama, niliutoa mtupu.

Nyumbani mama alipapasa lile shimo la jiwe, akacheka, halafu akapapasa kando yake.

"Na mtoto wake?"

Jiwe dogo la kusugulia! Nilikuwa nimelisahau kabisa. Nilidhani limeshaondoka na lori la kifusi.

Jioni tukasikia hodi. Alikuwa Nyanjige, vumbi hadi kwenye nyusi. Kumbe nilipoondoka alikumbuka kwamba jiwe lile limekwenda bila mwenzake, akamzuia dereva wa lori la kifusi na kufukua mchana kutwa. Akafungua pindo la khanga, akaliweka jiwe dogo kiganjani mwa mama. Nikamsogezea kigoda.

Mama akamshika mkono, akamvuta aketi.

"Huondoki bila kula ugali wangu," akamwambia. "Joakim, lete mtama."