Kompyuta Iliyosalimia kwa Kisukuma

Asubuhi moja Mabatini, nilimkuta bibi mmoja kwa fundi wa kompyuta, amekumbatia kompyuta yake kuukuu iliyogoma kuwaka. Fundi, dada mpole, akaiwekea mfumo endeshi wa bure, ule unaoundwa na watu wa kujitolea duniani kote. Kioo kikang'aa polepole kama ziwa kunapokucha, kikaandika: "Mwangaluka."

Bibi akashika mdomo. "Nani kaiambia mimi Msukuma?"

"Neno hilo la kuamkiana nililitafsiri mimi, bibi. Mwenzangu wa India akaliingiza kwenye mfumo. Hatujawahi kuonana."

"Basi mwambie nimeitikia."

Fundi akamwandikia palepale. Tukiwa bado tunakitazama kioo, jibu likaingia, fundi akatusomea kwa Kiswahili: "Muulize, ameamkaje?"

Kuna ofisi hapa mjini hazijawahi kuniuliza hivyo.