Kiti cha Nyuma Alichokishona Mume Wangu

Mume wangu ni fundi makochi, na mtaani kwetu wanamwita Sponji. Wenyewe wanadhani ni kwa sababu ya kazi yake. Mimi niliyeishi naye najua jina limemkaa kwa sababu nyingine: ukimbonyeza anabonyea, ukimwachia anarudi vilevile, na kilichoingia ndani hukijui.

Zamani hakuwa hivyo. Tulipokuwa wachumba aliwahi kunipakia kwenye pikipiki ya kuazima, tukapotea njia mchana kutwa, na yeye anacheka tu, ananiambia tembea uone. Tena alikuwa mtu wa sala. Nyumbani kwetu hakuna aliyegusa kijiko kabla hajaomba, na kuomba kwenyewe kulikuwa kwa kirefu: wagonjwa, wasafiri, wateja wasioridhika, mpaka paka wa jirani. Binti yetu, kifungua mimba wangu, alikuwa na kawaida ya kufungua jicho moja na kunong'ona, "Baba, wali unapoa." Hapo babake anaongeza sentensi mbili makusudi.

Binti huyo alisoma, akawa mwalimu katika mji wa mbali. Kila likizo alimwambia, "Baba, njoo basi uione shule yangu," na kila likizo babake alijibu, "Mwakani mwanangu, nina makochi ya watu." Ugonjwa ukamchukua kabla mwakani haujafika. Tulimrudisha tukamzika nyumbani. Tangu hapo mume wangu hakulitaja tena jina lake, na mezani sala ilibaki neno moja: "Kuleni."

Watu walidhani nalilia sala. Sala naweza kujiombea mwenyewe, mdomo ninao. Nilichotaka ni mtu wa kumlilia naye mwanangu, kwa sababu nilikuwa nalia peke yangu bafuni, maji nimeyafungulia ili nisisikike. Miaka ilipita hivyo.

Asubuhi moja akaingia uani anasukuma pikipiki kuukuu.

"Ya nani hiyo?" nikauliza.

"Yetu."

"Ya kwenda wapi?"

Akainama kuifuta taa. "Nataka nikaione ile shule."

Nilikaa chini palepale kwenye ngazi. Majirani walipopata habari wakacheka, ng'ombe hazeeki maini, mzee wa watu kashikwa na ujana. Mwanetu wa mwisho alimwambia, "Baba, mabasi yapo." Akajibiwa kwamba basi halisimami pale mtu anapotaka kusimama. Mimi nikasema na mimi naenda.

"Na mgongo wako?" akaniuliza.

"Wewe si fundi? Nishonee kiti."

Akakishona. Alikitilia karakana yake nzima: sponji ngumu chini, laini juu, springi alizotoa kwenye kochi la zamani, na egemeo la mgongo lililovishwa ngozi nyekundu. Nilipokikalia mara ya kwanza alinizunguka kama mtu anayeuza. "Hapo hata nipite kwenye mashimo," alijisifu, "mimi mwenyewe sitajua kama upo." Tukacheka wote. Ningejua!

Safari ilinipa vitu ambavyo sikuviomba. Nilimshika kiuno kama zamani, ingawa kiuno chenyewe kilikuwa kimehama. Mvua ilitukuta njiani tukajibanza kwenye baraza la duka lililofungwa, akavua kiatu, akamwaga maji, akacheka kile kicheko cha siku tulizopotea njia. Nikamshukuru Mungu kwa mvua ile. Alikuwa akisimama mlimani kutazama bonde, anasimama darajani kutazama maji, ananiita, "Njoo uone." Mume wangu alikuwa anarudi, kidogo kidogo. Lakini kila tulipoketi kula, ni lile lile: "Haya, kula."

Siku ya kufika shuleni nikashindwa kuvumilia. Alikuwa anakaza mizigo nje ya nyumba ya wageni.

"Leo tunafika," nikamwambia. "Wale walimu walimpenda mtoto wetu. Utawaambia nini? Utawaambia 'kuleni'?"

Akaendelea kuvuta kamba.

"Nimechoka kuishi na ukuta. Sasa na mimi nanyamaza. Sifungui mdomo wangu mpaka ufungue wako."

Na mimi nikinuna, nimenuna. Tulipoingia kituo cha mafuta nilishuka bila kuaga. Yeye alikuwa ameinama upande wa pili anatazama upepo wa gurudumu la mbele. Nikaweka mkoba wangu mkubwa uliojaa nguo kwenye kiti, nikaufunga na egemeo kwa mtandio ili usianguke, nikaenda zangu chooni. Nilipotoka nikaona vumbi. Pikipiki ilikuwa inapanda kilima, na mtandio wangu unapepea nyuma kwa raha zake.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Simu yangu ilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba ulikuwa umeegemea mgongo wa mume wangu.

Dada wa pampu akaniletea kiti. "Mama, huyo aliyeondoka ni mumeo?"

"Alikuwa mume wangu," nikamjibu.

Akanipa na soda, na hakucheka mbele yangu, Mungu ambariki. Niliketi pale nikapanga matusi yote nitakayomtukana. Muda ukazidi kwenda. Matusi yakaisha, nikaanza kuogopa. Yule mtu ndiye niliyebaki naye.

Alirudi polepole, pembeni kabisa ya barabara, kofia kaivua, shingo kaipindisha anachungulia mtaroni. Aliponiona aliiachia pikipiki ikaanguka, ile aliyokuwa akiifuta kila asubuhi, akaja mbio akanishika mikono, akanigeuza huku na huku.

"Umeumia wapi? Mama, umeumia wapi?"

"Niumie wapi? Nilikuwa chooni!"

Dada wa pampu hapo alishindwa, akakimbilia ndani kucheka. Mume wangu naye akacheka, kisha kicheko kikamgeukia, akakaa chini kwenye sakafu yenye mafuta akalia.

"Nilidhani umenuna," akasema. "Kwenye kioo naona mtandio, mgongoni nakusikia umeniegemea. Nikasema leo hanikatizi, acha niongee. Nikaongea tangu hapa mpaka juu kule. Nikamtaja mtoto. Nikakuomba msamaha kwa ile mwakani, mwakani yangu. Kila tukipita kwenye shimo unanigusa mgongoni, nikajua unaniitikia."

"Ulikuwa unaongea na mkoba."

"Nimejua nilipokuuliza kama umenisamehe. Ukakaa kimya mno. Nikageuka, nikaona huo mkoba, nikajua umedondoka njiani. Kile kiti, mama! Nilikishona mwenyewe, na sikujua kama upo au hupo." Akafuta uso kwa kiganja. "Nimerudi natazama kila mtaro. Nimemwomba Mungu njia nzima, kwa sauti, kama mwendawazimu. Nikamwambia, mmoja ulishamchukua, huyu niachie."

Yale matusi niliyoyapanga sikuyaona tena yalikokwenda. Nilijikaza, maana nilikuwa na neno moja la kumwambia na nilitaka litoke vizuri.

"Mkoba umesikia," nikasema. "Mimi sijasikia. Rudia."

Akarudia. Alikaa chini, mimi kwenye kiti, magari yanaingia kuchukua mafuta na watu wanatukodolea macho. Akalitaja jina la binti yetu. Mwanzo lilimkwama, baadaye likatoka, akalitaja tena na tena. Alisema anavyomwona kila anapokata kitambaa cha rangi aliyoipenda. Alisema alinyamaza kwa sababu aliogopa kwamba akianza kuomba atagombana na Mungu. Tukalia wote wawili juani, bila bomba la maji la kutufichia sauti. Nilikuwa na huzuni, na nilikuwa na furaha kuliko siku nyingi za maisha yangu, na sioni aibu kusema hivyo.

Shuleni walikuwa wametungoja. Walituonyesha darasa lake, na dirisha alilopenda kusimama kando yake akifundisha. Kisha wakatuketisha ofisini kwa walimu, sahani zikawekwa, wali ukitoa moshi. Mwalimu mkuu akamgeukia mume wangu, akamkaribisha chakula. Nikaushika ukingo wa meza.

"Tuombe," mume wangu akasema.

Akaomba. Akashukuru kwa barabara, kwa mvua, kwa dada wa pampu, kwa mkoba wenye masikio. Akamshukuru Mungu kwa binti yetu, kwa jina lake, na kwa kila mwaka tuliokaa naye. Akaingia kwa wagonjwa, akaingia kwa wasafiri. Walimu wakaanza kujikohoza. Nikafungua jicho moja, nikaona sahani hazitoi moshi tena, na nikajua kuna neno linalosubiriwa mezani pale, na mwenyewe hayupo kulisema.

Nikamwinamia sikioni. "Baba," nikanong'ona, "wali unapoa."

Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Akatabasamu, akaongeza sentensi mbili.