Kamba Nyekundu Juu ya Gari

Dada zangu wa kikundi cha akina mama, mlitaka niandike yale niliyoanza kuwasimulia jikoni kanisani nikashindwa kumaliza kwa kulia. Leo nitamaliza. Mwenye amina yake aiweke kwanza, ataitoa mwisho, kwa sababu hapa katikati nina hasira na siifichi. Nimemshukuru Mungu kwa magoti mpaka magoti yakauma, na hasira bado ipo. Naona vyote viwili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Mnanijua, mimi ni Moraa, mama Kemunto. Kabla ya ile wiki ya barafu nilikuwa mtu wa kawaida tu hapa Arlington, Texas. Mume wangu Ombati anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mimi nilikuwa nimeacha kazi ya ghala kwanza nimlee mtoto. Kemunto alikuwa ameanza kukaa bila kuegemea. Unamkalisha kwenye zulia, anaanguka upande kama gunia la viazi, halafu anacheka. Tulikuwa tumehama kutoka kwa apatimenti, tukakodi nyumba yenye gereji, tukaona tumefika. Ile gereji imeungana na jikoni. Unafungua mlango wa jikoni unaingia kwa gari, hata mvua haikuoni. Mlango mkubwa unabonyeza kitufe, unapanda wenyewe. Ombati alikuwa akiwaonyesha wageni kile kitufe kama mtu aliyenunua ndege.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Kisii kunisaidia na mtoto. Hasemi sana, lakini akisema unakaa chini. Kwake mtoto hajavaa mpaka asiweze kukunja mkono. Tulikuwa tukibishana hapo, mimi navua sweta moja, yeye anarudisha mbili. Ubishi wa kawaida wa nyumbani.

Barafu ilipokuja, mlikuwa hapa, mliiona. Stima zikapotea. Hita ya nyumba ikanyamaza. Kufikia asubuhi tulikuwa tukiongea moshi unatoka mdomoni, ndani ya nyumba. Ombati alikuwa zamu, na wa kumpokea hawakufika kwa sababu ya barabara. Akanipigia: "Siwezi kuwaacha hawa wazee, Moraa. Mfunike mtoto vizuri. Nitakuja barabara ikifunguka."

Mama akaenda akaleta jiko la Ombati la kuchomea nyama. Akaliweka katikati ya sebule, na mfuko wa mkaa kando.

"Mama, hapana!" nikamwambia. "Mkaa ndani ya nyumba? Utatuua!"

"Nimewasha mkaa nyumbani tangu wewe hujazaliwa."

"Nyumba yako ina upenyo kila mahali. Hii imefungwa kama chupa."

Nilisema kwa sauti ambayo mtu hasemi nayo na mama mkwe. Nilijua ninachosema. Nyumbani nani hajasikia habari ya familia iliyolala na jiko isiamke?  Mama akabeba jiko lake, akavaa koti la Ombati, akatoka nalo nyuma ya nyumba. Alinuna.

Sasa sikieni pale hasira yangu inapoanzia. Kwenye kikundi chetu cha simu kukaingia ujumbe wa sauti wa mzee mmoja tunayemheshimu wote. Alisema: "Ndugu zangu, msiwashe mkaa ndani, mkaa unaua. Wenye watoto wadogo, ingieni kwa gari, washeni hita, mtapata joto na simu zitapata chaji." Watu wakajibu asante mzee, ubarikiwe mzee. Mimi pia nikajibu ubarikiwe. Ni maneno mazuri. Yana upungufu wa neno moja tu, na hilo neno ni "nje". Gari iwe nje.

Gari yetu ilikuwa gereji, Ombati alikuwa amepewa lifti kwenda kazini. Nikabonyeza kitufe, mlango haukupanda, si stima hakuna? Nikauvuta kwa mikono, ukakataa kabisa. Juu ya gari palikuwa na kamba nyekundu inaning'inia kutoka kwenye reli ya mlango. Niliiona kila siku. Nilidhani ni mabaki ya mafundi. Hakuna aliyetuambia kitu, si mwenye nyumba, si wakala aliyetupa funguo na kutuonyesha mpaka pa kuweka takataka.

Nikawasha gari hivyo hivyo. Jamani, nyumbani nani ana gari inayolala chumba kimoja na jikoni? Gari inakaa nje, moshi unaenda zake. Mkaa nilijua unaua. Gari sikuwahi kuiweka kwenye hesabu ya mkaa.

Siku ya kwanza tulikaa kidogo. Kichwa kikaanza kunibana, kama mtu amenifunga kitambaa akakaza. Kichefuchefu. Tukarudi ndani, kikapungua. Mama, ambaye alikuwa bado amenuna, akasema kwa upande wa mdomo: "Hujala. Anayenyonyesha bila kula lazima kichwa kiume." Nikaamini ni njaa. Shikeni hapo, dada zangu. Kichwa kinauma garini, ukitoka kinapoa, ukirudi kinauma. Mwili ulikuwa unanielezea waziwazi.

Siku ya pili asubuhi baridi ilizidi. Mikono ya Kemunto ilikuwa kama vijiko vya friji. Nikamwambia Mama, "Twende sote kwa gari."

"Gari ni ya kwenda mahali," akasema. "Siwezi kukaa kwa gari iliyosimama kama nimekosa nauli. Nendeni."

Nikaingia kiti cha nyuma na mtoto kifuani. Joto likaja. Nililia kidogo kwa raha, wallahi, vile vidole vilivyoanza kurudi. Kemunto alinyonya, akaacha, akalala. Nikasema, asante Yesu, mtoto amepata joto amelala. Kumbe hakuwa analala vile watoto wanalala. Kichwa changu kikaanza tena, safari hii na mapigo masikioni. Nikatapika kwenye mkeka wa gari. Nikataka kufungua mlango. Nakumbuka niliuona mkono wangu umelala pajani, nikauambia inuka, haukuinuka. Miguu haikuwa yangu. Nilijikojolea, nikasikia joto la mkojo, sikuwa na nguvu hata ya kuona aibu. Cha mwisho kukumbuka ni ile kamba nyekundu kupitia kioo.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Mama. Alikuwa amepika uji wa wimbi nje, kwa lile jiko lililofanya nimfokee, akiwa amesimama kwenye barafu na koti la mwanawe. Amenikasirikia, lakini anayenyonyesha lazima anywe uji. Akaja na kikombe. Akafungua mlango wa jikoni, gari inanguruma, akanigongea kioo. "Moraa, chukua." Kimya. Akagonga tena. Akaona kichwa changu kimelala vibaya.

Kikombe aliachia hapo hapo. Akamtoa Kemunto kwanza, akakimbia naye kupitia jikoni mpaka nje, akiita kwa Kikisii watu wa mtaa ambao hakuna hata mmoja anayejua Kikisii. Anasema mtoto alikuwa laini kama nguo iliyotoka kwa maji. Kelele haihitaji kutafsiriwa. Jirani yetu Ramiro akatoka na soksi miguuni. Mama akamwonyesha tu ndani kwa kidole. Ramiro akaingia, akazima gari, akaruka akavuta ile kamba nyekundu, mlango ukaachana na mashine yake ya stima, akauinua kwa mikono miwili kama mtu anayefungua duka. Ilikuwa rahisi hivyo. Kisha akanivuta mimi kwa makwapa mpaka kwenye barafu. Binti yake alikuwa ashapiga simu ya dharura.

Ambulensi ilikuja polepole kwa ajili ya utelezi. Mama anasema alimlaza Kemunto kifuani ndani ya koti, uso ukiwa nje kwenye hewa, akawa anamtekenya nyayo akimwambia, "Usinifanyie hivyo. Usinifanyie hivyo, mjukuu." Mtoto akatoa mlio mdogo, kama paka. Huo mlio ndio Mama alioushikilia mpaka gari la wagonjwa likafika.

Hospitali walituwekea oksijeni. Daktari, msichana hivi kama wa umri wangu, akauliza: "Nyumbani mlikuwa mnachoma mkaa?"

Mama akajibu kwa Kiingereza chake cha shule ya misheni: "Mkaa ulikuwa nje, daktari. Gari ndiyo ilikuwa ndani."

Daktari akafunga macho kidogo. Akanieleza nilipoweza kusikia: moshi wa gari una hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu, inakaa kwenye kiti cha oksijeni na haitaki kuinuka. Mtoto anapumua upesi kuliko mtu mzima, kwa hiyo inamshika upesi. Walituhamishia hospitali nyingine yenye chumba cha chuma kama tangi, mimi, Kemunto na nesi ndani, wakasukuma oksijeni kwa nguvu. Masikio yaliziba kama ndege inaposhuka.

Hata baada ya hapo Kemunto hakutaka kunyonya. Macho yalikuwa wazi lakini hayafuati kitu. Matiti yangu yaligeuka mawe, maziwa yanalowesha gauni la hospitali, na mimi naogopa kumpa. Nikamuuliza daktari, "Maziwa yangu yana sumu?"

"Hapana. Hewa ile haikai kwenye maziwa. Mpe kila akitaka."

Hakutaka. Nikampaka tone mdomoni, hakutaka. Ombati alikuwa amefika, amekaa chini sakafuni, mgongo ukutani, halii. Mama akasema, "Mvueni hizo blanketi zote. Ngozi kwa ngozi." Mama huyu huyu wa sweta mbili! Tukamvua. Nikamweka kifuani. Akakaa. Akatafuta. Akashika titi, akaniuma kwa fizi zake mpaka nikapiga kelele. Sijawahi kufurahia maumivu hivyo. Ombati ndipo akalia.

Kupona hakukuwa siku moja. Nilikuwa nasahau sufuria kwa moto, nasahau jina la mtaa wetu, mikono inatetemeka nikifunga nepi. Kichwa kiliuma wiki nyingi. Kemunto tulimrudisha kliniki mara kwa mara, wanampima macho, shingo, mikono. Siku aliyokaa tena bila kuegemea, akaanguka upande na kucheka, nesi alipiga makofi. Leo anakimbia na kunijibu kwa Kiingereza.

Sasa hasira yangu iliyobaki niimalize. Yule mzee alikuja kuniona na machungwa. Akasema, "Mwanangu, Mungu alikuwa anakujaribu."

Nikamwambia, "Mzee, Mungu hakutuma ile sauti. Ulituma wewe. Na mlango haukufungwa na Mungu."

Mama alinibana mguu chini ya meza.  Lakini mzee nimpe haki yake: alitoka pale akatuma sauti nyingine, akasema alikosea, akasema gari iwe nje, akarudia mara tatu. Namshukuru kwa hiyo. Si wazee wengi wanarudi kwenye kipaza sauti kusema nilikosea. Ombati naye ana yake. King'ora cha ile hewa kilikuwepo ukutani kwenye korido, ila kilikuwa kinalia pii, pii, akatoa betri akaweka kwa rimoti ya televisheni. Tulikuwa tunabadilisha chaneli kwa uhai wetu. Tulicheka juu ya hilo baadaye, lakini sio upesi.

Kwa hiyo nisikilizeni. Gari ipashwe moto nje, si gereji, hata mlango ukiwa wazi. Kama kuna theluji, iondoe kwanza kwenye bomba la moshi. Kichwa kikianza kubana na mtoto analegea, tokeni kwenye hewa na mpige simu, msitafute chakula. Weka betri kwenye king'ora, rimoti ife. Na siku tulipotoka hospitali nesi alimvua Kemunto jaketi nene tuliyomvalisha kabla ya kumfunga kwa kiti cha gari. Jaketi inajaa hewa, mikanda inakaa huru, gari ikigonga mtoto anachomoka. Nguo nyembamba mbili tatu, mkanda ukaze mpaka usipate pa kuufinya begani, kisha blanketi juu ya mikanda, uso wazi. Mama alisimama pale akatazama vile mikanda inavyofungwa, akasema, "Hiyo nimeelewa."

Ukija kwangu, kabla ya chai nitakupeleka gereji uvute kamba nyekundu na kuinua mlango mwenyewe. Wengine mnasema Moraa amezidi. Nimezidi, ndiyo.

Namshukuru Mungu, Ramiro na soksi zake, yule daktari, na mwanamke niliyemfokea akaniletea uji. Alirudi Kisii. Kila akisikia baridi imeingia Texas hunipigia, na hasalimii.

"Gari iko wapi?"

"Iko nje, Mama."

"Basi nipe mtoto niongee naye."