Siku Shosho Alipobomoa Jiko

Enzi zetu, na nyinyi mliokulia Kenya ya miaka ya themanini mtanielewa, historia haikutafutwa kwenye simu. Juzi hapa Peckham, London, binti yangu Wairimu, mwenye miaka kumi na minne, alinisomea kazi yake ya shule: wakoloni walitoza kodi, watu wakalalamika, mwishowe wakapigana wakapata uhuru. Ikaishia hapo, akarudi kwenye simu yake. Hakukosea lolote. Ila mimi historia hiyo niliibeba kichwani, mizigo ya nyasi, nikiwa na miaka tisa.

Likizo zote tulipelekwa kwa Shosho, mama yake baba, kijiji kilichopakana na msitu. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka miguu ikawa rangi ya barabara, tukala githeri ya mahindi na maharagwe kwenye sufuria moja huku mikono ikigombana, kisha tukalala watoto sita kitanda kimoja, kichwa huku na miguu kule. Hakuna aliyedai chumba chake. Wairimu akisikia hayo hushika kichwa, maana kwake nikiingia bila kubisha hodi ni kesi.

Jumapili moja kanisani likatolewa tangazo kwamba kesho karani wa sensa angepita kuhesabu nyumba na watu. Shosho alitoka kabla ibada haijaisha. Tuliporudi tulimkuta yuko juu ya ngazi, anang'oa nyasi za paa la jiko lake.

"Pelekeni hizi nyuma ya zizi," alituamuru. "Wakija wapate nyumba moja tu."

Sisi tulifurahi sana, tukidhani Shosho ametubunia mchezo mpya. Kufikia alasiri jiko lilikuwa miti mitupu na masizi, nasi tulikuwa weusi kama masufuria. Ndipo akaketi juu ya zile nyasi zinazonuka moshi akatueleza.

Alipokuwa msichana, serikali ya mkoloni ilitoza kodi kwa kila nyumba. Mama yake akabomoa ya kwake, akahamia kwa mke mwenzake, watoto kumi na mmoja na mbuzi ndani ya chumba kimoja. Kodi ikapandishwa. Wanaume wakaenda kuitafuta katika mashamba ya wazungu, kipande, kile kitambulisho cha lazima, kikining'inia shingoni, na huku ardhi yao wenyewe inachukuliwa. Mwanzo walilalamika kwa upole tu. Waliandika barua, wakaambiwa wangoje. Walipofanya mikutano, wakafungwa.

"Babu yenu alikuwa mtu wa barua," alisema. "Zilipomchosha, akaingia msituni na wenzake kupigana."

Uhuru ulipokuja, wenzake walitoka msituni. Yeye hakutoka, na hakuna aliyemletea Shosho habari ya kaburi.

Jumatatu karani akaja. Alikuwa mwalimu wa shule ya pale kijijini, na binamu zangu walipomwona walijificha kwa mazoea. Akalitazama lile jiko.

"Shosho, hii si kodi. Serikali ni yetu sasa."

"Hata ile ilianza kwa kuhesabu," Shosho akamjibu.

Hata hivyo alimpa kiti. Akatutaja mmoja mmoja, Mwalimu akiandika. Alipotumaliza akasema, "Na mzee wangu."

Mwalimu alijua habari za huyo mzee, kila mtu pale alizijua. Akamweleza taratibu, "Shosho, naandika tu waliolala hapa jana usiku."

"Basi hiyo serikali yetu iniambie yeye alilala wapi."

Mwalimu hakuandika kitu. Alifunga daftari, akavua koti, akapanda ngazi, nasi tukamrushia zile nyasi mpaka paa likarudi. Shosho alimchemshia chai akiwa amempa mgongo, na tulijua analia. Iliniuma vibaya, mtoto nilivyokuwa, kwa sababu nilielewa kwamba alichotaka siku ile ni mumewe aandikwe mahali, na hakuandikwa.

Jana usiku nilimsimulia Wairimu yote haya. Nilitarajia anikatize na simu yake, kama kawaida ya hawa watoto wetu wa London, lakini aliilaza kifudifudi mezani akasikiliza hadi mwisho. Kisha, kwa hicho Kiingereza chake, akaniuliza kama Babu alikuwa mrefu. Kama alikuwa mcheshi. Kama Shosho alimpenda, au aliozwa tu.

Shosho aliishi miaka kumi na miwili baada ya siku ile, na karibu kila likizo nilikuwa naye jikoni mle, yeye akikoroga chungu, mimi nikimenya viazi. Simu hatukuwa nayo, wala televisheni, tulikuwa na muda wote duniani. Na sikuwahi kumuuliza.