Mteja Wangu wa Giteranyi

Mwezi uliopita nilifungua blogu ya taa za baiskeli hapa Gitega. Msomaji akinunua kupitia kiungo changu, nalipwa kamisheni. Hakununua hata mmoja. Basi mimi, bingwa wa matangazo, nikamtunga mteja aliyeridhika. Picha ya mwanamume nilipewa na mpiga picha wa mtaa wa Magarama; mwenye picha hakurudi kuichukua. Nyuma yake imeandikwa Giteranyi, Muyinga. Nikaiweka kwenye blogu, na chini yake nikaandika: “Taa hii hunifikisha nyumbani kila usiku.”

Jana mama mmoja alibisha mlangoni kwangu, kwa anwani niliyoitangaza mwenyewe. Akanionyesha simu: picha ile ile.

“Huyu ni bwana yangu,” akasema kwa upole. “Tangu tumuzike, kila usiku mwanga wa baiskeli unasimama nyuma ya nyumba. Mi nilizani ni mwizi. Ukimuona, mwambie mlango iko wazi.”