Nilivyojifunza Kubeba Mtoto Gereji

Mimi ni makanika wa Buyenzi, na mnicheke tu, nimestahili. Mke wangu Zaina ana mimba ya miezi minane, na mama yake yuko ng'ambo ya mpaka, Uvira. Juzi akaniambia, «Nikishazaa, we utakuwa unamubeba mutoto mugongoni, mi nipumuzike kidogo.»

Nikaitika, ila mikono yangu imezoea spana. Niliogopa kumwangusha.

Kesho yake, gereji ikiwa bado tupu, nikachukua stata ya gari niliyomaliza kutengeneza, maana ina uzito wa kichanga. Nikaifunga mgongoni kwa kitenge cha Zaina, nikawa natembea huku nabembeleza. Ilitulia vizuri, hata nikaisahau.

Akaja mama mmoja wa Kinindo. «Fundi, stata yangu iko tayari?»

«Tayari kabisa, Mama!»

Nikatafuta mezani, chini ya magari, hadi ndani ya ndoo. Nikaapa wallahi jana ilikuwa hapa. Nikaanza kuwalaani wezi. Nilipoinama mara ya tatu, mkono wangu wenyewe ukaenda nyuma kuipigapiga, isiamke.

Mama akanizunguka, akafunua kitenge.

«Mulaze pole pole, fundi,» akasema. «Huyo mutoto ni wangu.»