Msichana wa Kwenye Theluji

Mwanangu, ipo siku moja ya kipupwe ambayo hadi leo haijanitoka. Upepo wa Ufipa unaujua, ukiamua kuingia mwilini hauombi ruhusa. Nilikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinachomoza, na Milanzi palikuwa na banda la video tulikojazana kutazama mikanda ya wachawi na wapiganaji wa mapanga. Mmoja tuliupenda kuliko yote. Msichana amefungwa minyororo mlimani kwenye theluji, vipande viwili vya ngozi ndiyo nguo yake, na shujaa anayekuja kumwokoa kavaa manyoya mpaka masikioni. Kila mara msichana huyo akitokea, sisi miluzi.

Siku hiyo shangazi yangu, ndiye aliyenilea, alikuja kunitafuta. Alisimama mlangoni na blanketi lake begani, akatazama kioo cha televisheni kwa muda, kisha akasema polepole, kama anayeongea na jirani, "Huyo mtoto anasikia baridi. Mwanaume kavaa, yeye mmemwacha hivyo. Hana mama?"

Banda zima likacheka, na mimi nikiwemo. Shangazi hakugomba. Aliondoka, na nyumbani hakulitaja tena, hadi tulipomzika kule kijijini Kaengesa.

Mwaka huu mjukuu wangu Eliza, anayesoma chuo, alikuja likizo, akataka kujua ujana wetu tulitazama nini. Nikamsimulia mkanda ule. Akautafuta kwenye simu, akauunganisha na televisheni ya sebuleni, tukakaa.

Mwanangu, nilipigwa na butwaa. Kwenye kioo kikubwa niliona vinyweleo vya mikono yake vimesimama. Niliona midomo inatetemeka, na mvuke ukimtoka puani. Baridi ile haikuwa ya kuigiza. Shangazi aliyaona hayo kwenye kitelevisheni chenye chenga, na sisi wenye macho makali hatukuona kitu.

Eliza akaniuliza, "Babu, nizime?"

Nikamwambia auache uendelee. Kwani msichana alifunguliwa minyororo, akarukia farasi asiye na tandiko, akateremka naye mlima akimshika kwa mkono mmoja, bila kuyumba. Usione vyaelea, vimeundwa. Yule mwigizaji alijifunza kazi ile kwa jasho, nasi hatukuwahi kuitazama. Nikahesabu umri wake, nikaona kama yu hai, ni mkubwa kwangu. Nikajikuta nasema, "Shikamoo, mama." Eliza hakucheka. Alinishika mkono, tukautazama hadi mwisho.

Basi sikiliza. Macho hayana pazia, ndiyo, lakini yana mwenyewe. Ukimwona mwanamke, kwenye simu au barabarani, jiulize yeye anasikia nini, nani kamweka pale, na ni kipi anachokiweza kukushinda. Na mzee akisema jambo watu wakacheka, nyamaza kwanza.

Mungu akupe macho yanayoona watu, na nyumba yako isikose wa kukusahihisha kwa upole.